Mama Naye Ana Kadi

Mama mjamzito anapohudhuria kliniki, iwe Mgeta, Matombo au Morogoro mjini, huchomwa sindano ya pepopunda. Akishajifungua salama, mara nyingi kadi yake hutupwa sandukuni. Kwa maoni yangu, huo ni uzembe unaoweza kumgharimu mtoto atakayefuata.

Kwanza tuelewe sindano inavyofanya kazi. Ikishaingia begani, chembe za ulinzi wa mwili hutoa vijumbe vidogo sana viitwavyo saitokini. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo: vijumbe hivyo huziamsha chembe nyingine, nazo hutengeneza kingamwili za kupambana na sumu ya pepopunda. Ndiyo maana bega huuma, na pengine mama hupata homa ndogo kwa siku moja au mbili. Hiyo si sumu, wala haiharibu kizazi kama wanavyovumisha baadhi ya watu. Na asiyepata homa asihofu, kinga yake hujengeka vilevile.

Kingamwili hizo hupita kwenye kondo la nyuma na kumlinda mtoto katika wiki zake za kwanza. Lakini malaria ikijificha kwenye kondo, hupunguza kingamwili zinazomfikia. Kwa hiyo chandarua na vidonge vya kuzuia malaria anavyopewa mjamzito huisaidia chanjo pia.

Mama asiye na kumbukumbu ya chanjo za nyuma huhitaji sindano 5. Ya pili huchomwa wiki 4 baada ya ya kwanza, na angalau wiki 2 kabla ya kujifungua. Ya tatu hufuata baada ya miezi 6, ya nne baada ya mwaka 1, na ya tano baada ya mwaka mwingine. Mbili za kwanza hutoa kinga ya muda mfupi tu. Zikitimia zote 5, humlinda kwa miaka yake yote ya kuzaa. Basi baadhi ya zile 3 za mwisho huweza kuangukia wakati mama ananyonyesha, na wala hazimdhuru mtoto anayenyonya.

Wapo watakaosema pepopunda imekwisha. Ni kweli kwamba mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeitokomeza pepopunda ya watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Lakini vijidudu vyake bado vimo udongoni na kwenye samadi. Mvua ikikata njia ya mlimani na mama akajifungulia nyumbani, wembe mchafu kitovuni watosha kuleta msiba.

Akina mama, mnapowapeleka watoto chanjo ya surua na rubela, wakiwa na miezi 9 na tena miezi 18, chukueni na kadi zenu. Mwulizeni mhudumu: "Mimi nimebakiza sindano ngapi?" Nanyi akina baba, kabla hawajatoka nyumbani ulizeni: kadi ya mtoto ipo, ya mama iko wapi?