Pwani Haisomwi Garini

Wahenga waliacha methali mbili zinazozozana hadi leo. Moja yashikilia kwamba mtembezi hula miguu yake. Nyingine yajibu kuwa mtembea bure si sawa na mkaa bure. Ukiyatazama maisha ya likizo ya wasomi wengi wa Kiswahili nchini Kenya, utadhani methali ya kwanza ilikwisha kushinda kesi. Mwalimu au mhadhiri anayejaliwa siku chache za mapumziko mwezi Desemba huichukua familia yake, wakapanda garimoshi la Nairobi hadi Mombasa, wakapokewa na teksi kituoni Miritini, wakafikia hoteli iliyo ufuoni. Huko watoto huogelea katika kidimbwi kilichochimbwa hatua hamsini kutoka bahari yenyewe. Siku ya nne wanarejea bara na picha tele, na pengine hawakuzungumza na mwenyeji yeyote ila mhudumu aliyewaletea maji ya matunda.

Si dhambi kupumzika, wala si haki kumlaumu mzazi aliyechoka. Hata hivyo, ni ajabu kwamba watu wanaopata riziki kutokana na lugha ambayo mengi ya mashairi yake makongwe yalitungwa pwani, huiona pwani hiyo kupitia dirishani. Rai ya makala haya ni kwamba familia ya mwanafunzi au mwalimu wa Kiswahili ingefaidi zaidi kama ingeitembea pwani kwa miguu, na kwamba mahali panapofaa mno kuanzia ni funguvisiwa la Lamu: Amu, Manda na Pate.

Kwa nini kwa miguu? Lugha yenyewe ina jibu. Kitenzi kutembea hakibagui kati ya kupiga hatua na kwenda kumjulia mtu hali. Anayebisha hodi na kusema amekuja kutembea huenda alikuja kwa basi au hata kwa ndege. Muradi wake ni kuonana na watu. Kutokana na kitenzi hichohicho hupatikana kutembelea, kutembeleana na matembezi, na katika yote hayo hatua na ujirani vimefumwa pamoja. Waliolikuza kundi hili la maneno hawakuwaza kwamba ingefika siku mtu asafiri karibu kilomita 500 bila kumtembelea yeyote.

Ikumbukwe pia kuwa ufuo unaozungumziwa hapa si ule wa kwenye kalenda, wenye mchanga laini na minazi iliyoinama. Ipo mchanga, naam, lakini upo pia mwamba wa matumbawe wenye makali ya kuchana viatu, na ipo mikoko inayomlazimu mtu azunguke mwendo mrefu ili afike ng'ambo ambayo tayari ameiona kwa macho. Ufuo huu hautaki haraka.

Mwendo wa kwanza ni mfupi, kutoka mji wa Amu hadi Shela, chini ya saa moja hata kwa mwenye watoto. Mji wa Amu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za ulimwengu mwaka 2001, na wageni wengi hutosheka kuipiga picha milango yake ya nakshi. Somo la mwendo huu, hata hivyo, liko majini. Maji yakiwa yamekupwa, njia ya ufuoni hupitika vyema. Yakijaa, sehemu zake humezwa na mtembezi hana budi kupitia nyuma. Mtoto aliyelowa hadi magotini atajua tofauti ya kujaa na kupwa, na ya bamvua na maji mafu, bila ya kuandikiwa ubaoni. Hapo ndipo asimuliwe habari za Vita vya Shela, vilivyopiganwa katika mwongo wa pili wa karne ya 19, ambapo watu wa Amu waliyashinda majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa. Masimulizi yanaeleza kuwa waliokuwa wakikimbia walikuta vyombo vyao vimekwama kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa. Katika kitabu cha historia, hiyo ni sentensi moja inayosomwa na kusahauliwa. Ufuoni Shela ni jambo la kuonekana: mashua iliyokuwa ikielea asubuhi imelala ubavu mchana, na hakuna nguvu za watu zinazoweza kuisukuma hadi bahari irudi kwa hiari yake.

Nyuma ya Shela kuna vilima vya mchanga vinavyohifadhi maji matamu ya chini ya ardhi yanayotegemewa na mji wa Amu. Mzazi asiache kuvitaja, maana mtoto atadhani mchanga ni wa kuchezea tu, na wapo watu wazima wanaodhani ni wa kujengea tu.

Manda na ipitwe upesi. Magofu ya Takwa, yenye msikiti na kaburi la mnara, hufikiwa kwa mashua kupitia kijito kilichozungukwa na mikoko, na nahodha ndiye anayeamua saa ya kuingia na ya kutoka kwa kuyatazama maji. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17. Watu wa Shela hujinasibisha nao hadi leo na huenda kufanya dua ya mvua penye kaburi lile, jambo linaloonyesha kuwa mahame si lazima yawe mahali palipokwisha kusahauliwa.

Safari ya Pate ndiyo kiini cha haya yote. Mashua kutoka Amu hupitia mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, ikaelekea Mtangawanda, na kutoka hapo mtu hutembea hadi mji wa Pate. Mwanafunzi yeyote aliyefika mwaka wa pili wa somo la ushairi ameisikia Pate kupitia Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Amefundishwa kwamba magofu ni ishara ya ubatili wa dunia, akaiandika taswira hiyo katika mtihani na kuzawadiwa alama zake. Alichokosa kufundishwa ni kwamba Pate haikufa. Kuta za matumbawe zimesimama hadi leo, nyingine zikiwa bado na madaka yaliyokuwa yakipangwa vyombo vya kauri, yale ambayo mshairi aliyataja yakiwa yamegeuka makao ya ndege. Lakini katikati ya kuta hizo pamelimwa mashamba ya tumbaku, na pembeni yake pana mji wenye watu, misikiti, watoto wa madrasa na wavuvi wanaorudi na samaki. Mwenyeji anayeipalilia tumbaku yake kando ya ukuta wa jumba la kale hajioni kuwa anaishi ndani ya sitiari ya mtu.

Kosa hili si dogo. Kizazi baada ya kizazi cha wahakiki kimeisoma Pate kama kaburi, na usomaji huo umewafanya watu wake waonekane kama mabaki ya ustaarabu badala ya warithi wake. Mtoto wa miaka kumi, ambaye hajasoma uhakiki wowote, ataviona vyote viwili kwa mpigo, gofu na tumbaku, na ataliuliza swali ambalo semina nyingi hazijaliuliza: watu wa nyumba hizi walikwenda wapi, na hawa walio hapa ni akina nani kwao?

Kutoka Pate, njia ya miguu huelekea Siyu, mwendo wa kiasi cha saa mbili kwa mtu mzima kupitia mashambani. Siyu ilisifika kwa wanazuoni wake, kwa wanakili wa misahafu na kwa mafundi wa ngozi na mbao. Ngome yake ina upekee ambao wanafunzi wanapaswa kuujua: Ngome ya Yesu kule Mombasa ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, ilhali hii ya Siyu ni ya wenyeji wenyewe, waliokataa kwa muda mrefu kuwekwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Aliyeongoza upinzani huo kwa miaka mingi ni Bwana Mataka, na mkewe alikuwa Mwana Kupona binti Mshamu.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, huenda ndio utendi uliozua mabishano mengi kuliko zote katika madarasa ya fasihi. Je, mtunzi anamfunza binti yake utiifu kwa mume, au anamfunza namna ya kumtawala mume kwa werevu? Mabishano hayo yana uzito wake na hayajakwisha. Lakini yamefunika jambo lililo wazi, kwamba utendi huu ni maneno ya mama mjane na mgonjwa kwa mtoto wake. Haukutungiwa wahadhiri wala wizara ya elimu. Ulitungiwa nyumba, usomwe nyumbani, na kwa miaka mingi wanawake wa Lamu waliuhifadhi hivyo, mama akimkabidhi binti. Ndiyo sababu makala haya yanasisitiza familia badala ya kundi la wanafunzi arubaini wenye fulana za rangi moja. Mama na bintiye waliochoka kwa mwendo, wakaketi kivulini karibu na ngome ile, wakausoma utendi huo kwa zamu, watazungumza mambo ambayo mhadhiri hawezi kuyaweka katika mwongozo wa kozi. Binti huenda asikubaliane hata na ubeti mmoja. Naam, na asikubali, mradi amemwambia mama yake sababu.

Kwa mwanaisimu, mwendo huu una mavuno mengine. Mtu aliyetoka Amu akapita Pate na Siyu hadi Faza amesikia Kiamu, Kipate, Kisiu na Kitikuu ndani ya siku chache. Ramani za lahaja zilizomo vitabuni huzichora lahaja hizi kama vipande vilivyokatwa kwa kisu. Miguu hutambua kuwa hazina kuta. Tofauti huongezeka taratibu, kijiji kwa kijiji. Mwanafunzi aliyekariri kwamba njia ni ndia na nchi ni nti atashtuka kumsikia mtoto mdogo akimwelekeza kwa maneno hayohayo aliyoyadhania kuwa ya washairi waliokwisha kuzikwa. Mzee Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alitunga Sambo ya Kiwandeo ili msamiati wa uundaji wa vyombo usipotee. Matondoni, upande wa pili wa kisiwa cha Amu, mtu anaweza kwenda kwa miguu akawaona mafundi wakikitengeneza chombo, na akasikia mangapi ya maneno yale yangali vinywani mwa watu.

Shanga, kusini ya Siyu, ni ya wenye subira. Uchimbuzi uliofanywa huko katika miaka ya 1980 ulifunua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa miti na wa tangu karne ya 8. Wapo waongozaji watakaosimulia kwamba jina la mji huo lilitokana na Shanghai. Hadithi hiyo inauzika vizuri, na mgeni aisikilize kwa adabu, ila asisahau kwamba Mswahili anazo shanga zake mwenyewe.

Hapana shaka pingamizi zitakuwepo. Watoto watachoka, basi na watembee asubuhi na walale mchana kama wenyeji wafanyavyo. Gharama ya kufika Lamu si ndogo, ingawa kulala katika nyumba ya wageni ya kawaida huigharimu familia pungufu ya hoteli kubwa za ufuoni, na fedha hizo huingia moja kwa moja mfukoni mwa mwenyeji. Suala la usalama ni zito zaidi. Tangu shambulio la Mpeketoni la mwaka 2014, upande wa bara wa kaunti ya Lamu umepata misukosuko mikubwa, na mzazi mwenye busara atawauliza kwanza wenyeji na wakuu wa serikali kabla ya kufunga safari. Wakimwambia asubiri, na asubiri.

Pingamizi lisilotajwa sana ni la kuta. Kwingineko pwani, vichochoro vya kuendea ufuoni vimezibwa kwa majumba na hoteli, hivi kwamba mtoto wa Kenya huhitaji ruhusa ya mlinzi ili aione bahari. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 62, inaitaja ardhi yote iliyo kati ya upeo wa maji kujaa na upeo wa maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Haki hii ni kubwa, lakini haki isiyokanyagwa huota nyasi. Kila familia inayotembea ufuoni, hata bila kujua kifungu hicho, inashika zamu ya kuilinda.

Lipo sharti moja lisilojadiliwa. Pate na Siyu si majumba ya makumbusho, na wakazi wake si vielelezo vya isimujamii. Mgeni abishe hodi, avae mavazi ya staha, asimpige mtu picha bila idhini, na kinasa sauti kibaki mkobani hadi aruhusiwe. Mtafiti chipukizi anayelala kwa watu usiku mmoja na kuondoka na kanda tatu amewatembelea kama mkusanya kodi.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili navyo vina la kufanya. Safari nyingi za kitaaluma humalizikia Ngome ya Yesu, ambapo saa moja hutengewa historia na saa tatu hutengewa ununuzi. Chama kinaweza kuandaa mwongozo mfupi wa njia hizi, wenye majina ya mahali, tenzi zinazohusika na msamiati wa kila kisiwa, mwanachama akaenda nao nyumbani na kuwashawishi wazazi wake au wanawe. Likizo ya Aprili huangukia masika na njia za Pate hujaa matope. Mwezi wa Desemba kaskazi huvuma na jua ni kali. Agosti kuna ubaridi wa kusi na kutembea ni rahisi, lakini bahari huchafuka. Kwa hivyo anayetaka kwenda Agosti aanze kwa kumuuliza nahodha ni siku zipi za bamvua, na ni saa ngapi Mkanda hupitika.