Mhubiri, anzia mstari wa 38

Kama umewahi kusali Kampala, iwe ibada ya Jumapili au ile ya saa ya chakula cha mchana katikati ya jiji, mjane wa senti mbili unamjua. Huletwa muda mfupi kabla bahasha hazijagawiwa na namba ya kutuma pesa kwa simu haijatokea kwenye skrini. Somo halibadiliki: mjane alitoa vyote, nawe toa vyote. Mama muuza matoke wa soko la Owino anatoa mtaji wake wa kesho, akiambiwa amepanda mbegu.

Somo hilo halimo katika hadithi.

Isome Marko 12 bila haraka. Wahubiri wetu huanzia mstari wa 41 na kukomea wa 44. Katika mistari mitatu inayotangulia, Yesu anawaonya watu wajihadhari na waandishi wanaopenda mavazi marefu, kuamkiwa sokoni na viti vya mbele, huku wakila nyumba za wajane. Maneno hayo hayajapoa, anatokea mjane na kutumbukiza riziki yake yote katika sanduku la hekalu. Kisha sura inakwisha, lakini mgawanyo wa sura si wa Marko. Uliwekwa zaidi ya miaka elfu moja baada yake. Endelea kusoma: mwanafunzi anasifia mawe ya hekalu, Yesu anamjibu kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe. Mwaka 70 Warumi walilibomoa. Senti za mjane, basi, ziliingia katika nyumba iliyokuwa chini ya hukumu.

Nitajibiwa kwamba Yesu alimsifu. Alisema ametoa kuliko wote, kwa kuwa wenzake walitoa ziada na yeye alitoa riziki. Kipimo hicho kinawaumbua matajiri. Baada ya mfano wa Msamaria mwema, Yesu alimwagiza msikilizaji aende akatende vivyo hivyo. Hapa agizo kama hilo halipo. Imani ya mjane siibezi. Ninayemshtaki ni anayemkingia kikapu.

Biblia yenyewe humtaja mjane kama mtu wa kupokea. Kumbukumbu la Torati 14 inatenga zaka ya kila mwaka wa tatu kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale washibe. Katika Matendo 6 kanisa linachagua watu saba kwa sababu kuna wajane waliosahauliwa katika mgao wa kila siku. Na katika Marko 7 Yesu anawakemea wanaotangaza mali kuwa wakfu kwa Mungu ili wasiwasaidie wazazi wao.

Kampala haina kisingizio cha kusoma nusunusu. Hapa mmisionari Mackay alitumia Injili ya Kiswahili katika baraza la Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, kabla ya Kiganda kupata tafsiri yake. Hapa watafsiri Pilkington na Henry Wright Duta walifanya kazi hadi Biblia nzima ya Kiganda ikakamilika mwaka 1896. Waumini wa kwanza walijulikana kama wasomaji. Vitukuu wao wanaridhika na mistari minne iliyochaguliwa na mwenye kikapu.

Jumapili mjane atakapoitwa tena, mwombe mchungaji aanzie mstari wa 38. Kisha muulize kanisa lina wajane wangapi, na ni kiasi gani cha sadaka kiliwafikia mwaka jana.