KILIO HUANZA MFIWA

Wahenga walinena kwamba kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Methali hii tuliikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake mimi niliijua juzi tu.

Babangu alifariki mwaka wa 2020, nikiwa darasa la sita. Wakati huo wa korona, serikali ilikuwa imeamuru mazishi yasihudhuriwe na watu zaidi ya 15. Tulimzika Njoro asubuhi, mbio mbio, na jioni tukarudi Kaptembwo kabla ya kafyu. Matanga hayakuwepo. Hakuna jirani aliyeleta hata sukari. Mjomba alinishika bega akasema, "Wewe sasa ndiye baba hapa nyumbani. Usilie." Nikatii. Mtu akitaja jina la baba, nilitoka nje. Kwa karibu miaka minne nilidhani huo ndio ushujaa.

Kisha ikafika Aprili 29, 2024. Alfajiri ya siku hiyo mafuriko yalikifagia kijiji cha Kamuchiri kule Mai Mahiu na kuua watu zaidi ya 40. Jirani yetu mmoja wa ploti alimpoteza dada yake huko. Mama aliposikia, alifunga kibanda chake cha mboga, akachukua thamosi ya chai na mkate, akaenda. Nilimwuliza kwa hasira, "Mama, hawa si ni wale hawakuja kwetu?"

Akanijibu, "Walikatazwa kuja. Na hata wasingekatazwa, mimi najua kufiwa kulivyo. Nisipoenda mimi, aende nani?"

Sikuwa na la kusema.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa Mei baada ya kucheleweshwa na mvua, mwana wa jirani huyo, ambaye ni mwanadarasa mwenzangu, alikuwa kimya. Aliyekufa alikuwa mamake mdogo. Wenzetu walimwambia "pole" mara moja, kisha wakamkwepa. Akikaribia, mazungumzo yanakatika. Saa ya chakula nikaketi karibu naye. Nilimweleza jinsi babangu alivyopenda kupiga mluzi akitengeneza baiskeli. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtaja. Naye akanisimulia habari za mamake mdogo, jinsi alivyomcheka kwa kuogopa kuku. Tulicheka, kisha tukalia sote wawili, githeri ikapoa.

Maoni yangu basi ni haya. Wapo wasemao kwamba aliyefiwa aachwe, atazoea. Wapo wanaoshikilia kuwa mvulana halii. Sikubaliani nao. Ukiufunga moyo ili huzuni isiingie, hata ile iliyomo ndani haipati pa kutokea. Wala rafiki hapati pa kuingilia.

Sisi wa Nakuru si wageni wa misiba. Mei 9, 2018 bwawa lilipasuka kule Solai, na zaidi ya watu 40 wakafa. Waliofiwa katika mikasa kama hiyo wamo madarasani mwetu, pamoja na wengine ambao misiba yao haikutangazwa redioni.

Kwa hivyo, mwanafunzi mwenzangu, usimwogope aliyefiwa. Mpe noti za siku alizokosa. Mtaje marehemu kwa jina. Walimu wetu wapenzi, tunawaomba mtuvumilie kidogo tunaporudi kutoka mazishini, kwani tunatazama ubao bila kuuona. Nawe uliyefiwa, usingoje hadi wote waje ndipo ufungue. Huenda jirani hakukuchukia, alikosa tu la kusema. Anza wewe.

Mimi bado naumia. Siku ya wazazi huniwia ngumu hadi leo. Lakini siku hizi mtu akimtaja babangu sitoki nje. Hukaa, nikasikiliza, na mara nyingine nikaongeza langu.