Oakland walijaza uwanja, timu ikaondoka hivyohivyo

Septemba 26, 2024 watu 46,889 waliingia Uwanja wa Coliseum mjini Oakland, California, kumzika mtu ambaye hajafa. Timu yao ya besiboli, Athletics, ilikuwa inacheza mechi ya mwisho nyumbani. Ilishinda 3-2 dhidi ya Texas Rangers na sidhani kama kuna aliyejali sana matokeo. Mechi ilipokwisha kocha Mark Kotsay alishika maiki akawashukuru mashabiki. Wengine wakaondoka na udongo wa uwanja kwenye vikombe. Udongo, jamani.

Najua unachotaka kuniuliza. Besiboli inatuhusu nini sisi? Mchezo wenyewe hata mimi nauelewa nusunusu. Lakini hadithi ya timu hii haihitaji ujue sheria za kupiga mpira kwa gongo. Inahitaji uwe umewahi kuipenda timu ambayo karatasi zake ziko kwenye droo ya mtu mwingine.

Athletics haikuzaliwa Oakland. Ilizaliwa Philadelphia mwaka 1901. Kocha wake alikuwa mzee mmoja anaitwa Connie Mack, ambaye alikaa kwenye benchi kwa miaka 50. Sisi tunamshangaa Sir Alex Ferguson na miaka yake 26 pale Manchester United. Siri ya Mack ilikuwa nyepesi tu: alikuwa pia mmoja wa wamiliki. Nani angemfukuza? Mwaka 1902 kocha wa New York Giants, John McGraw, aliibeza timu hiyo kwamba ni tembo mweupe, yaani kitu cha gharama kubwa kisicho na faida. Mack akamchukua tembo huyo akamfanya nembo. Mpaka leo bado ni nembo ya timu.

Philadelphia walichukua ubingwa mara tano. Halafu madeni yakaingia, familia ikagawanyika, na mwaka 1954 timu ikauzwa kwa tajiri Arnold Johnson. Msimu uliofuata ikawa Kansas City. Huko ilikaa misimu 13 na hakuna hata mmoja ambao ilimaliza ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Johnson alikuwa na biashara na mabosi wa New York Yankees, na mastaa wa Kansas City walikuwa wanaishia Yankees kila mara. Watu wakaanza kuiona kama timu B. Kisha akaja tajiri mwingine, Charlie Finley, na mwaka 1968 akaihamishia Oakland.

Kwa hiyo, tuwe wakweli, Oakland waliipata timu hii kwa njia ileile waliyoipoteza. Kuna watoto wa Kansas City walilia ili watoto wa Oakland wafurahi. Tofauti ni kwamba Kansas City walikuwa na seneta mkali, Stuart Symington, aliyewatisha mabosi wa ligi kwamba atawagusa kwenye kinga yao ya kisheria. Mwaka 1969 tu mji ukapewa timu mpya, Royals. Oakland hawakuwa na mtu wa hivyo.

Ila walichokuwa nacho kilikuwa utamu. Finley aliwapa wachezaji dola 300 kila mmoja wafuge sharubu, akawavalisha viatu vyeupe, watu wakacheka. Kisha hao wenye sharubu wakachukua ubingwa 1972, 1973 na 1974. Ukiwatoa Yankees, hakuna timu nyingine iliyowahi kuchukua mara tatu mfululizo. Wakauchukua tena mwaka 1989, fainali iliyokatizwa na tetemeko la ardhi dhidi ya jirani zao wa ng'ambo ya ghuba, San Francisco Giants. Mwaka 2002, wakiwa na bajeti ya kuokoteza, walishinda mechi 20 mfululizo. Brad Pitt alikuja kuigiza filamu ya habari hizo.

Sasa sikiliza timu inavyouawa. Tangu 2005 bosi ni John Fisher, mtoto wa familia iliyoanzisha maduka ya nguo ya Gap. Uwanja ulikuwa umechoka, hilo kweli. Mazungumzo ya kujenga mpya yalipigwa danadana miaka na miaka. Mastaa wakauzwa. Mwaka 2023 kikosi kilikuwa na mishahara midogo kuliko timu zote za ligi, kikafungwa mechi 112. Mashabiki wakaacha kuja, wastani ukashuka hadi watu 10,000 hivi. Halafu mwenye timu anasimama anasema: mnaona? Mji huu haupendi besiboli. Unamnyima ng'ombe majani halafu unamlaumu kwa kukosa maziwa!

Mashabiki walimjibu kwa kitu ambacho sijawahi kukiona kwingine. Sisi tukiichukia menejimenti tunasusa, tunabaki nyumbani. Wao Juni 13, 2023 waliamua kufanya kinyume: wakajaa. Watu 27,759, usiku wa Jumanne, kwa timu mbovu kuliko zote. Walivaa fulana za kijani zenye neno moja kifuani, la kumwambia Fisher auze. Timu nayo ikashinda, mechi ya saba mfululizo. Siku mbili baadaye gavana wa Nevada akasaini sheria ya kumsaidia Fisher kwa hadi dola milioni 380 za umma ajenge uwanja Las Vegas. Novemba wamiliki wa timu zote 30 wakapiga kura. Waliokubali 30. Waliokataa hakuna.

Sasa hivi Athletics wanacheza Sacramento, kwenye uwanja wa timu ya daraja la chini unaochukua watu 14,000 hivi, wakisubiri Las Vegas ikamilike. Kwenye msimamo inaandikwa Athletics tu, bila jina la mji.

Wapo wanaoifananisha na Wimbledon, iliyopelekwa Milton Keynes mwaka 2003. Mfano unafaa nusu ya njia. Mashabiki wa Wimbledon waliunda AFC Wimbledon, wakaanzia chini kabisa, wakapanda hadi kucheza daraja moja na waliowachukulia timu. Oakland nao wameunda timu, Oakland Ballers, na mashabiki wamenunua hisa. Lakini ligi ya Marekani haina kupanda daraja. Hata Ballers wakimfunga kila mtu kwa miaka 40, mlango wa juu umefungwa na hao 30 waliopiga kura.

Sisi mlango huo tunao, ndiyo maana nashangaa tunavyouchezea. Ihefu ya Mbarali ilipanda, ikashuka, ikapanda tena kwa jasho lake. Novemba 2022 pale Highland Estates iliifunga Yanga 2-1 na kukata mechi 49 za kutofungwa kwenye ligi. Leo nafasi ile ya Ligi Kuu iko Singida, inaitwa Singida Black Stars. Sina ugomvi na watu wa Singida, nao wana haki ya kuona mpira mkubwa. Waliokuwa wanajaza Highland Estates nao walikuwa nayo.

TFF waweke kanuni ya mistari miwili tu. Tajiri anunue timu, karibu sana, mpira unahitaji hela. Akitaka kuihamishia mkoa mwingine, aanze nayo madaraja ya chini, na nafasi ya Ligi Kuu igombewe upya uwanjani.