KAZI ZA MIKONO: Kadi ya Asumini

Wako watu waonao haya kumpelekea mwenzao kadi waliyoitengeneza wenyewe. Hudhani kuwa kadi isiyonunuliwa dukani ni dalili ya uchache wa fedha. Fikira hiyo yafaa iondolewe. Kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa kwa watu ilichapwa London mwaka 1843, kwa agizo la Bwana Henry Cole, aliyekuwa na barua nyingi za kujibu wala hana nafasi. Bei yake ilikuwa shilingi moja. Basi asili ya kadi ya dukani ni kumpunguzia kazi mtu asiye na nafasi. Akaaye kitako akachora mwenyewe hutoa kile alichokikosa Bwana Cole, yaani wakati wake.

Sisi wa Utange hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ua. Asumini tunayo uani, nayo ndiyo itiwayo katika vikuba vya harusi. Mwana aliye kazini Nairobi au Maskati akiiona katika karatasi, hatauliza imetoka wapi.

Vyombo ni vichache: karatasi nene nyeupe, penseli, rangi za maji, brashi moja nyembamba na moja nene, kisahani cheupe cha kuchanganyia rangi, vikombe viwili vya maji na kitambaa. Kata karatasi ya inchi 8 kwa 6, uikunje katikati.

Weka ua lenyewe mbele yako, usichore kwa kukumbuka. Hesabu petali zake, tazama jani limeshika wapi, kisha chora kwa penseli bila kukandamiza.

Hapa ndipo wengi hushindwa. Asumini ni nyeupe, na karatasi nayo ni nyeupe, itaonekanaje? Usiipake rangi. Changanya buluu na manjano upate kijani, utie na nukta ya nyekundu ili kisiwe kikali mno, ukapake majani yaliyo nyuma yake. Ua litajitokeza lenyewe. Kwa vivuli vya petali, tumia buluu iliyozimuliwa sana kwa maji.

Anza na rangi hafifu, umalize na iliyokoza, maana rangi ya maji ikisha kukoza ni vigumu kuirudisha. Tena ngoja rangi ya kwanza ikauke kabla ya kupaka ya pili, ama sivyo zitaingiliana. Wakati wa mvua za masika hewa yetu ya pwani ina unyevu, kwa hiyo ngoja zaidi. Usifute penseli mpaka karatasi yote iwe kavu, isije ikachubuka.

Wala usiidharau kazi hii. Bibi Joy Adamson, ambaye wengi wamjua kwa habari za simba jike Elsa, alichora kwa rangi za maji mamia ya mimea ya Kenya, na mwaka 1947 alipewa nishani ya dhahabu ya Grenfell huko Uingereza.

Mwisho, ndani ya kadi andika maneno yako mwenyewe, hata yakiwa mawili. Mwalimu aliyekufunza, mkwe aliyekupokea, jirani aliyekuuguza: kila mmoja wao anakudai shukrani. Deni hilo halilipwi kwa fedha, nalo likikawia sana, mwenye kulidai huenda asiwepo tena kulipokea.