Kibao kina jina la nani?

Msomaji wangu, gesti unayolipia leo, yenye chumba chenu wawili, funguo mkononi na bafu humohumo ndani, usiione kitu kidogo.

Katika hifadhi ya kihistoria ya Cambridge Junction, jimbo la Michigan, Marekani, imetunzwa nyumba nyeupe ya mbao, ya ghorofa moja, inayoitwa Walker Tavern. Iko njia panda, pale US-12 inapokutana na M-50, zaidi ya kilomita 100 kutoka Detroit. Miaka ya 1840 hiyo US-12 ndiyo iliyokuwa Chicago Road, na walowezi walimiminika humo kuelekea magharibi. Detroit hadi Chicago kwa gari la farasi ilichukua kama siku tano, tena za matope na mtikisiko wa kuvunja kiuno.

Jioni abiria wanashuka hapo hoi. Chini kuna baa, sebule na jiko. Kulala ni juu. Na kwenye nyumba za wageni za zama zile ulilipia nafasi kitandani, siyo kitanda! Wanaume wasiojuana walibanana shuka moja mpaka asubuhi. Fungate hapo? Thubutu.

Lakini mimi kinachonigusa zaidi ni jiko. Nyumba hii iliendeshwa na Sylvester Walker na mkewe, Lucy. Kawaida ya biashara hizo mume ndiye aliyeonekana kaunta, anapiga stori na kupokea hela. Nyuma, mke na wasichana wa kazi walipika kwenye moto wa kuni, wakafua, wakatandika, kesho tena. Na kwa sheria ya wakati ule, jasho la mke ndani ya biashara ya mume lilikuwa mali ya mume. Basi.

Biashara ilichanganya, hadi akina Walker wakajenga hoteli ya matofali ng'ambo ya barabara. Bahati mbaya reli ilikuwa imeshafika Chicago mwaka 1852, wasafiri wakahamia kwenye treni.

Jamani, ni wangapi kati yetu tuna saluni au duka "letu", wote tunahenyeka, ila leseni na akaunti ya benki vina jina moja? Na likitokea la kutokea?

Ukiwa na ndugu upande huo akakualika, nendeni wawili, majira ya joto. Anzieni jikoni, baa baadaye. Mkirudi garini, muulize mwenzio leseni yenu ina jina la nani.