Bi Harusi, Usidanganywe na Tochi ya Lumeni Laki Moja



Dada zangu, leo hatuzungumzii piko wala gauni la kuolea. Tunazungumzia tochi. Wala msiniambie hilo ni jambo la wanaume, maana hapo hapo ndipo ninapotaka kuanzia. Umeme ukikatika saa mbili usiku, nani yupo ndani? Nani ana sufuria motoni, mtoto begani na ngazi ya kupanda? Baba yupo msikitini au barazani, na tochi ya nyumba, kama ipo, ameondoka nayo kwenye vespa. Giza la nyumba ni la mwanamke, lakini tochi anachaguliwa na mtu mwengine, tena mtu asiyejua inakwenda kutumika vipi.

Alhamdulillah, siku hizi tochi za kuchaji zimeanza kuingia kwenye vitu vya bi harusi, pamoja na doti za kanga, udi, mikoba na viatu. Mimi nashona na nauza vitambaa, na mtu akija kupimwa huja na orodha yake mkononi, kwa hiyo naziona nyingi. Ninachokiona kinaniudhi. Dukani huwekwa tochi mbili pamoja, na karibu kila familia inaondoka na ile mbaya.

Mnazijua zote mbili. Ya kwanza ni kubwa kama chupa ndogo ya chai, mbele imejaa taa kama jicho la nzi, ubavuni ina taa nyengine ndefu, na ukibonyeza sana inamweka nyekundu na buluu kama gari la polisi. Boksi lake limeandikwa lumeni 100,000. Betri imo ndani na haifunguki. Ya pili inaingia kiganjani, nyeusi, haina mbwembwe, boksi limeandikwa lumeni 1,000 au 1,500, ina betri moja unayoitoa mwenyewe kwa kufungua kizibo cha nyuma. Bei yake iko juu. Muuzaji anasema, dada, hii laki, ile elfu, na hii ya laki ndiyo rahisi. Nani ataiwacha ya laki?

Ataiwacha anayejua hesabu, na hesabu yenyewe si ya chuo kikuu. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa. Taa za LED tulizonazo, kwa makisio ya kawaida, hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati moja ya umeme. Basi lumeni 100,000 zinataka wati 1,000. Wati 1,000 ni pasi, jamani. Ni ile pasi ya umeme ninayonyooshea magauni, ambayo nikiiwasha naona mita inavyokimbia. Unaniambia kitu kinachochajiwa kwa waya wa simu kina nguvu ya pasi, nacho umekishika mkononi wala hakikuunguzi? Na betri moja ya kawaida ya tochi, ukiilazimisha itoe wati 1,000, ingekwisha kabla dakika haijatimia. Lumeni 1,000 za ile ndogo zinataka kama wati 10. Hapo hesabu inakubali.

Kwa hiyo ile namba ya kwenye boksi si chumvi kidogo ya biashara. Ni uongo, na uongo wenyewe umepigwa chapa.

Sisi wa vitambaa tunaujua uongo wa aina hii. Kuna mtu anakuuzia kwa mita lakini anapimia fimbo ya yadi. Yadi moja ni sentimita 91 na kidogo. Kila mita amekula sentimita nane na nusu, na kwenye mita kumi amekula karibu sentimita 86, mikono ya gauni lako hiyo. Mteja hajui mpaka kitambaa kipungue juu ya meza ya fundi, halafu lawama inamwangukia fundi. Tunaisoma Suratul Mutaffifin kwenye sala zetu na watoto wanaihifadhi madrasa. Inawahusu wanaopunja vipimo. Mbona tukifika kwenye lumeni tunadhani haituhusu? Lumeni ni kipimo kama pishi na kama mita. Na hadithi ya Mtume, sala na salamu zimshukie, ya kutia mkono kwenye fungu la chakula sokoni akakuta chini kumelowa, hatukufundishwa iwe ya wauza nafaka peke yao.

Wafanyabiashara wenzangu watasema: sisi tunaletewa, kiwandani ndiko walikoandika. Sawa, kiwandani ndiko walikoandika, lakini aliyeisoma kwa sauti mbele ya mteja ni wewe. Washa zote mbili ukutani dukani, kila mtu ataona kwamba ile ya laki haiishindi ile ya elfu mara mia moja. Mara nyingi haiishindi hata mara moja. Umeshaona kwa macho yako, na bado unasema laki.

Nije kwenye betri, maana hapa ndipo pesa inapopotea.

Betri za lithiamu huchoka. Baada ya kuchajiwa mara mia tatu, mia tano hivi, huanza kushika chaji kidogo kuliko zamani. Ile tochi iliyofungwa, betri ikichoka tochi yote imekufa, na taa zake nzima, na bodi yake nzima. Inakwenda jaani, huko inachanganyika na majani na kuchomwa moto, na betri ya lithiamu kwenye moto hulipuka. Kisiwa chetu kidogo hiki, tuna jaa ngapi? Ile inayofunguka, unanunua betri peke yake, tochi inaendelea. Tochi ya mama inaweza kurithiwa na binti. Basi nani aliyenunua rahisi?

Mtaniambia umeme siku hizi haukatiki kama zamani. Kweli, waya mpya wa megawati 100 wa chini ya bahari uliwekwa mwaka 2013, na tunashukuru. Lakini sisi wa thelathini na kitu tunakumbuka. Tarehe 21 Mei 2008 Unguja iliingia gizani karibu mwezi mzima. Tarehe 10 Disemba 2009 ikaingia tena, na safari hii miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Harusi hazikusimama. Maharusi walisingwa kwa kandili, majenereta yakanguruma na petroli ikatafutwa. Hata leo waya ukiwa mzima, nguzo inaanguka kwa mvua za masika, transfoma ya mtaa inaungua, na wewe una mtoto wa wiki mbili. Giza la usiku mmoja linatosha kumwangusha mja mzito kwenye ngazi.

Na hapo ndipo utakapojua kwamba mwanga mkubwa si unaouhitaji. Mama anayenyonyesha usiku anataka mwanga mdogo kabisa, wa lumeni mbili tatu, utakaomwonesha nepi bila kumwamsha mtoto na baba yake. Tochi nzuri ina ngazi za mwanga, na ile ya chini kabisa inaweza kuwaka siku kadhaa kwa chaji moja. Ile ya jicho la nzi, nyingi nilizoziona zina mwanga wa kupofua, mwanga wa kupofua kidogo, na polisi.

Msikubali pia maneno ya "inafika kilomita moja". Kipimo cha umbali kinachotumiwa na watengenezaji wa kweli ni pale ambapo mwanga wa tochi umebaki sawa na mbalamwezi ya usiku wa mwezi mpevu. Yaani hata tochi ya kweli, ikiandikwa mita 200, huko mwisho hutamtambua mtu, utaona kivuli tu. Na wewe unakwenda wapi kilomita moja na tochi? Anayetoka Mkunazini kwenda tarawehe anataka kuona jiwe lililong'oka mbele ya mguu wake. Mwanga unaosambaa karibu ndio wake. Dada wa Paje au Jambiani anayewahi maji yaliyokupwa kabla jua halijatoka, huyo ndiye anataka mwanga wa mbali kidogo, na tochi isiyoingia maji, si ya kuzuia matone tu. Kwenye boksi, IPX4 maana yake inahimili kurushiwa maji. IPX8 ndiyo ya kuzama. Wengine wote IPX4 inatosha.

Jambo moja la rangi, maana fundi hawezi kulinyamazia. Tochi za bei rahisi hutoa mwanga mweupe wa kibuluu. Chini ya mwanga ule uzi mweusi na uzi wa buluu iliyokolea ni kitu kimoja, na nyekundu inakuwa kama imefifia. Hina nzuri inaonekana kama matope. Kama utaitumia kwa kazi ya mikono, au kutazama uso wa mtoto mgonjwa kama umebadilika rangi, tafuta yenye mwanga wa joto kidogo, iliyoandikwa CRI 90 au zaidi. Hili ndilo jambo pekee ambalo naweza kulilipia pesa ya ziada bila kuulizwa.

Na hatari. Hata hiyo ndogo ya lumeni 1,000 ya kweli ina moto. Kioo chake kikigusana na kitambaa cheusi, kitambaa kinanyonya joto. Buibui zetu nyingi ni poliesta, na poliesta haiungui kama pamba, inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Tochi ikijiwasha ndani ya mkoba au chini ya buibui, utanusa kabla hujaona. Kwa hiyo kabla ya kuitia mkobani, legeza kizibo cha nyuma kidogo, robo mzunguko. Tochi nyingi zinazofunguka hapo umeme umekatika, haiwezi kuwaka hata ikibonyezwa. Ile iliyofungwa huna cha kulegeza. Na watoto wasiachiwe kumulikana machoni, hiyo si michezo.

Sasa bei. Najua nitakaloambiwa: wewe fundi una pesa, sisi tunahesabu. Mimi pia nahesabu. Nimeshaona begi la harusi lenye pea sita za viatu, na nne kati yao hazikuvaliwa hata mara mbili. Toa pea moja, tochi ya kweli imepatikana na betri ya akiba. Na ikiwa aibu ni kumwambia bwana harusi, kumbuka mahari ni mali yako mwenyewe, Suratun Nisaa imelimaliza hilo. Huna haja ya kumwomba mtu ruhusa kununua taa.

Wale wa "simu inatosha", simu yako ina taa ya lumeni hamsini hivi. Inaonesha tundu la kitasa. Lakini usiku wa giza simu ndiyo ya kumwita mkunga, teksi na mama yako. Ukiimaliza chaji kwa kutafutia kibiriti, utampigia nani? Hapa niiseme haki ya ile kubwa: nyingi zinaweza kuchaji simu, na ile taa ya ubavuni ukiiweka mezani watu wanakula vizuri. Lakini kuna tochi zinazofunguka ambazo nazo zinachaji simu, uliza.

Ukifika dukani, usimpe muuzaji pesa mpaka akutolee betri. Iwe imeandikwa 18650 au 21700, hizo namba ni ukubwa tu: milimita 18 kwa 65, milimita 21 kwa 70. Kisha tazama mAh. Betri ya 18650 ya kweli haivuki 3,600 au zaidi kidogo. Ukiona imeandikwa 9,900, ujue uongo ni ule ule wa laki, umehamia kwenye betri. Ya 21700 huwa kama 5,000. Ganda lake likiwa limechanika usiichukue hata kwa bure, na betri ya akiba usiitie mkobani pamoja na funguo, itagusana na chuma. Ukiichaji, ichaji juu ya sakafu au sahani ya udongo, si kitandani.

Na sisi wapika keki tuna mizani jikoni. Ifikishe betri nyumbani uipime. Ya 18650 nzima ina gramu 45 mpaka 50, ya 21700 ina kama 70. Ikiwa ya gramu 30, ndani imejazwa kitu chengine. Irudishe siku hiyo hiyo, na risiti yako mkononi.